Nimehodhi senti za shaba kwa miezi 14: je, thamani ya madini yake ni yangu kweli?

MamaKibubu (Columbus, Ohio)

Ndugu zangu, salaam. Huu ni mwaka wangu wa tisa hapa Ohio, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Ninaleta swali ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu, na ningefurahi kujibiwa na watu wanaojua madini, sheria au historia ya sarafu, kwa sababu kila ninayemuuliza ana kwa ana hunijibu kwa haraka bila kulipima.

Miezi 14 iliyopita, mzee mmoja ninayemhudumia alinieleza kwamba sarafu za senti moja za Marekani zilizotolewa kabla ya 1982 ni shaba kwa asilimia 95, ilhali zilizofuata ni zinki iliyopakwa shaba nyembamba kwa nje. Alinifundisha kuzitambua hata bila kusoma mwaka: ya zamani ukiidondosha juu ya meza ya mawe hulia kama kengele ndogo, na ya sasa hutoa mlio uliokufa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikichukua benki maboksi ya senti, kila boksi likiwa na vifurushi 50 vya sarafu 50, yaani sarafu 2,500 kwa dola 25. Watoto wakishalala ninazimwaga mezani na kuzichambua; za shaba ninazitia kwenye ndoo, na zilizobaki ninazirudisha benki. Nimekwisha kupitia maboksi 28, na ndooni kuna sarafu 12,400. Kwa thamani iliyoandikwa juu yake ni dola 124 tu, lakini uzito wake umepita kilo 38, na ubao wa kabati nilikoziweka umeanza kupinda.

Mambo mawili yamenifanya niulize sasa. La kwanza ni kwamba Novemba 2025 serikali ya Marekani iliacha kufua senti moja za matumizi ya kila siku, na tawi la benki ninalolitumia halipati tena maboksi kwa uhakika. Nilisoma pia kwamba katika mwaka wa fedha wa 2024 kila senti moja iliigharimu serikali senti 3.69 kuitengeneza, nami nikaelewa kwamba kila sarafu niliyonayo ina madini ya zaidi ya senti tatu na nusu. La pili ni kwamba binamu yangu wa Dar es Salaam, ambaye hununua na kuuza vyuma chakavu, ananishauri niziweke ndani ya kontena ambalo jamaa zetu hujaza vipuri vya magari, kisha yeye azipeleke kwa mafundi wa kuyeyusha na tugawane faida.

Je, thamani hii ninayoihesabu kila usiku ni yangu kweli, au ni ya kwenye karatasi tu? Niendelee, nizitume, nizirudishe benki, au nizifunike na kusubiri? Naomba mnijibu kwa ukweli hata kama jibu litaniuma, kwa maana usiku mwingi umeingia katika ndoo hiyo.

Mizani (Minneapolis)

Dada, hongera kwa uvumilivu, na pole pia, kwa sababu nitaanza na lile ambalo haliwezi kungoja. Usizitume. Si kwenye kontena, si kwenye sanduku la nguo, wala si kwa mkono wa mtu anayerudi likizo. Tarehe 14 Desemba 2006 mamlaka inayofua sarafu za Marekani ilitoa kanuni ya kukataza kuyeyusha na kusafirisha nje ya nchi sarafu za senti moja na za senti tano, na kanuni hiyo ikathibitishwa mwaka uliofuata. Msafiri anaruhusiwa kubeba za dola 5 kama chenji ya kawaida, na ipo nafasi ndogo ya kutuma za hadi dola 100 kwa mara moja kwa ajili ya wakusanyaji au matumizi halali kama fedha. Kutuma kilo 38 kwa nia ya kuziyeyusha ni jambo jingine kabisa. Adhabu inafika faini ya dola 10,000, au kifungo cha miaka 5, au vyote viwili. Wengi wetu hapa tuna majalada ya uhamiaji ambayo hayajafungwa, na sijui ndoo gani ya senti inayostahili kuwekwa kwenye mizani na jalada hilo. Kusitishwa kwa ufuaji hakukuifuta kanuni hiyo, na senti moja bado ni fedha halali dukani.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa maana hapo kuna kosa ambalo watu wengi hulifanya na si lako peke yako. Ile senti 3.69 ni gharama ya kuitengeneza sarafu: vibao vya madini, mashine, mishahara na usafirishaji hadi kwenye benki. Tena ni gharama ya sarafu mpya ya zinki, ambayo ina uzito wa gramu 2.5 na ambayo madini yake hayafiki hata senti moja. Ukitaka thamani ya sarafu zako za shaba ni lazima uhesabu upya. Moja ina gramu 3.11, na asilimia 95 ya hizo ni gramu 2.95 za shaba. Tuchukue bei ya dola 10 kwa kilo ili hesabu iwe nyepesi. Soko hupanda na kushuka, nawe utaweka bei ya siku yako. Sarafu moja basi ina shaba ya takriban senti tatu. Sarafu zako 12,400 zina uzito wa kilo 38.6, na ndani yake mna kilo 36.6 za shaba, yaani dola 366. Ukitoa dola 124 ulizozinunulia, zinabaki dola 242.

Naomba uniwie radhi kwa swali linalofuata, kwa sababu nilipojiuliza mwenyewe miaka kadhaa iliyopita liliniuma. Boksi moja linakuchukua muda gani, pamoja na kwenda benki na kurudi? Mimi lilinichukua saa tatu. Kwa maboksi 28 ni saa 84, na dola 242 ukizigawa kwa saa 84 unapata chini ya dola 3 kwa saa, wakati kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu, ambacho hakijaguswa tangu 2009, ni dola 7.25. Na hizo dola 3 hulipwi leo. Utalipwa siku ambayo kuyeyusha kutaruhusiwa, au siku utakayempata mtu mwingine anayehodhi kama wewe. Zangu niliziuza kwa mtu wa namna hiyo kwa senti 1.6 kila sarafu, na nilishukuru kupata hata hiyo, kwa sababu mnunuzi naye anajua kwamba hawezi kuziyeyusha. Ndiyo maana bei yake haiwezi kuwa bei ya shaba.

Watu wanaotetea kuhodhi hutoa mfano wa sarafu za madini ya fedha, na mfano huo ni wa kweli, lakini inafaa usomwe wote. Hadi 1964 sarafu za senti 10 na senti 25 za hapa zilikuwa na asilimia 90 ya madini ya fedha. Bei ya fedha ilipokaribia kupita thamani iliyoandikwa, watu walianza kuzificha. Sheria ya Julai 1965 ikaondoa fedha kabisa katika sarafu hizo na kuacha asilimia 40 katika nusu dola. Siku alipotia saini sheria hiyo, Rais Lyndon Johnson aliwaahidi wananchi kwamba kuzihodhi za zamani hakutakuwa na faida, kwa kuwa Wizara ya Fedha ilikuwa na akiba kubwa ya kushikilia bei. Akiba hiyo ilikuwa ikiuzwa kwa dola 1.29 kwa wakia, na Julai 1967 wizara ikashindwa kuendelea. Mwaka huohuo kuyeyusha na kusafirisha sarafu za fedha kulipigwa marufuku, na 1969 marufuku ikaondolewa. Waliozificha walisubiri miaka miwili tu.

Sehemu isiyosimuliwa mara nyingi ni ya shaba. Mwaka 1974 bei ya shaba ilipanda sana, serikali ikapiga marufuku kuyeyusha senti moja, na ilikuwa tayari imefua sarafu za majaribio za alumini zaidi ya milioni moja na nusu ambazo hazikutolewa kamwe kwa umma. Bei ikashuka, na marufuku ikaondolewa 1978, wakati ambapo hapakuwa na faida ya kuziyeyusha. Marufuku ya sasa imekuwepo tangu Desemba 2006. Kwa hiyo anayekuambia kwamba itaondolewa karibuni anakupa tumaini lake, na anayekuambia haitaondolewa kamwe naye hajaisoma historia.

FundiKalibu (Dar es Salaam)

Dada MamaKibubu, mimi ni fundi wa kuyeyusha shaba na alumini, na ninaomba nizungumzie upande wa tanuri, kwa sababu binamu yako huenda anajua bei za vyuma chakavu lakini hajasimama mbele ya kalibu.

Anayenunua shaba hainunui kwa jina, huinunua kwa usafi. Waya wa shaba wa umeme uliochunwa vizuri, usio na rangi wala risasi, hupata bei ya juu kwa sababu kiwandani unaingia moja kwa moja. Sarafu zako zina asilimia 5 ya zinki, na zile za kabla ya 1962 zina bati kidogo pia. Mnunuzi mwangalifu hataziweka kwenye fungu la shaba safi. Ataziweka kwenye fungu la mchanganyiko, na bei ya fungu hilo ni ya chini. Ile hesabu ya dola 10 kwa kilo ambayo Ndugu Mizani ameitumia ni bei ya shaba iliyosafishwa katika soko la dunia. Mlangoni kwetu hakuna anayelipwa bei hiyo.

Halafu kuna moto wenyewe. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi, na zinki huanza kuchemka kwenye nyuzi 907. Maana yake ni kwamba kabla chungu chako hakijawa tayari, sehemu ya zinki inakuwa imegeuka moshi mweupe. Unaiona ikipanda kama pamba iliyochambuliwa na kutua juu ya ukuta kama unga. Moshi huo ukiuvuta mchana, usiku utapata homa, baridi na maumivu ya viungo, na wengi wetu tulipokuwa wanafunzi wa kazi tulidhani ni malaria. Kama katika ndoo yako zimepenya sarafu mpya, ambazo ni zinki karibu tupu, madhara yanazidi, kwa kuwa hizo huyeyuka kwenye nyuzi 420 tu na kuanza kufuka mapema. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kutia ndani ya chungu vipande vya zinki akidhani ni risasi, na tulilazimika kutoka nje sote na kuiacha kazi ya siku nzima.

Ukijumlisha gharama ya mkaa au mafuta, takataka zinazoelea juu ambazo lazima ziondolewe pamoja na shaba kidogo iliyonasa ndani yake, na siku ya fundi, faida ya kilo 36 haitoshi kuifungulia tanuri. Kazi hii huanza kuwa na maana kwa tani, na tani moja ya senti hizo ni sarafu zaidi ya 321,000. Ninamheshimu binamu yako kwa bidii yake, lakini mwambie kwamba hata kama kusingekuwa na sheria yoyote, tanuri lenyewe lingekataa.

MamaKibubu (Columbus, Ohio)

Ndugu Mizani na Ndugu Fundi, ninawashukuru kwa moyo wote. Nimempigia binamu yangu simu jana usiku na kumwambia kwamba suala la kontena limefungwa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hakujua kuhusu sheria, na ninamwamini.

Hesabu ya saa iliniuma kama nilivyotabiri, ingawa ninaona ni haki niseme kwamba sehemu ya saa hizo ilikuwa mapumziko yangu. Baada ya zamu ya saa 12, kukaa kimya na kusikiliza sarafu zikilia moja baada ya nyingine kulinituliza kuliko televisheni.

Maneno ya Ndugu Mizani kuhusu sarafu za fedha yamenikumbusha jambo. Marehemu bibi yangu aliacha kibubu cha udongo kule Tanga, na ndani yake kuna shilingi za zamani zenye picha ya simba mbele ya milima. Mama yangu anaamini kwamba ni fedha tupu na amezifunga kwenye kitambaa. Sonara mmoja aliwahi kumwambia azilete azipime. Je, hizo zinafuata habari ya senti zangu au zina habari yake?

MzeeWaReale (Unguja)

Mwanangu, hizo zina habari yake, na nashukuru umeuliza kabla mama yako hajakwenda kwa sonara.

Shilingi ya simba ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa 1919, na ilitumika Kenya, Uganda, Tanganyika na baadaye Unguja na Pemba pia. Zile zilizofuliwa kuanzia 1921 hadi 1946 zina madini ya fedha kwa robo tu, asilimia 25. Uzito wake ni karibu gramu 7.8, kwa hiyo fedha iliyomo haifiki gramu 2. Kuanzia 1948 hadi 1952 simba ni yuleyule, lakini sarafu ni shaba na nikeli, wala hamna fedha hata chembe. Kwa hiyo mama yako asiseme fedha tupu, na pia asikubali mtu amwambie kwamba ni bati. Azitenganishe kwa miaka kwanza.

Na sonara akitaka kuzipima kwa gramu, mama akatae kwa upole. Sarafu iliyotunzwa vizuri, yenye maandishi yanayosomeka, mkusanyaji huinunua kwa bei ambayo mizani ya sonara haiijui. Mfano mkubwa kwetu ni sarafu za Tabora za 1916. Wajerumani walikuwa wamezingirwa na vita, sarafu hazikuweza kuletwa kutoka Ulaya, na wakafua heller 20, sarafu ndogo ya koloni lao, papo hapo Tabora kwa shaba ya njano na shaba nyekundu iliyookotwa, yakiwemo maganda ya risasi na mizinga. Wakafua pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Fikiria mtu aliyeipata heller ile ya shaba akaiuza kwa uzito. Angepata bei ya ganda la risasi.

Nimesema hivyo, lakini sitaki uelewe kwamba kuyeyusha sarafu ni jambo la aibu katika mila zetu, kwa maana si kweli. Reale ya Sham, ambayo ndiyo ile yenye sura ya Maria Theresa na mwaka 1780 hata ikiwa imefuliwa karne iliyofuata, ilikuwa na gramu 28 na fedha ya asilimia 83 na kidogo. Masonara wa hapa na wa Maskati waliipenda kwa sababu uzito na usafi wake ulijulikana. Bibi harusi aliletewa reale, sonara akazigeuza bangili na mitali, na siku ya shida bangili zikarudi kwenye mizani. Hakuna aliyemdhulumu mtu, kwa kuwa sarafu ilithaminiwa kwa madini yake na hakuna serikali iliyokuwa ikitoa reale moja kwa hasara. Senti yako ni tofauti, mwanangu. Thamani yake ni ahadi ya serikali, na madini ni chombo cha kubebea ahadi hiyo.

Kuhusu watu kuficha sarafu nzuri na kutumia mbaya, Waingereza huliita jambo hilo kwa jina la Gresham, mshauri wa fedha wa karne ya 16. Lakini al-Maqrizi wa Cairo alikuwa ameliandika zaidi ya karne moja kabla yake, alipoona watawala wakimwaga sarafu za shaba sokoni hadi dirhamu za fedha zikatoweka na bei za chakula zikapanda. Sarafu hizo za shaba ziliitwa fulus, na hapo ndipo lilipotoka neno letu fulusi. Wewe unapochambua senti usiku unaitenda hali aliyoieleza: za shaba zinabaki kwako, za zinki zinarudi sokoni.

TanoTano (Calgary)

Ninaomba nipingane kidogo na Ndugu Mizani, kwa heshima zote. Amepiga hesabu ya saa kana kwamba kila sarafu lazima ichambuliwe. Sarafu ya senti tano ya Marekani haihitaji kuchambuliwa, kwa kuwa zote tangu 1946 zina gramu 5, shaba robo tatu na nikeli robo. Sarafu hizo zenye thamani ya dola 100 zina uzito wa kilo 10. Kwa bei ileile ya shaba ya dola 10 kwa kilo, na nikeli kwa dola 15, madini yake ni dola 112 na nusu. Unachukua vifurushi benki, unaviweka, basi. Bei ikianguka bado una dola 100 zako, jambo ambalo anayenunua vipande vya shaba halipati. Na kwa kuwa katika 2024 kila sarafu hiyo iliigharimu serikali senti 13.78 kuitengeneza, siamini kwamba mchanganyiko huo utabaki ulivyo kwa miaka mingi.

Pia, dada, ukipata za 1942 hadi 1945 zenye herufi kubwa P, D au S juu ya kuba la jengo lililoko nyuma, zitenge. Wakati wa vita nikeli ilihitajika kwa silaha, hivyo sarafu hizo zina fedha ya asilimia 35, na ile marufuku ya kuyeyusha haizihusu.

Mizani (Minneapolis)

Ndugu TanoTano, kuhusu sarafu za wakati wa vita uko sahihi kabisa, nami nilipaswa kuzitaja. Kuhusu dola 100 zinazobaki dola 100, hapo ninasita. Zitabaki dola 100 kwa maandishi, lakini baada ya miaka 10 au 20 ndani ya kabati hazitanunua mchele uleule. Mtu mwenye akiba nyingine, ambaye amekwisha kuweka ada ya watoto na kodi ya nyumba mahali pake, anaweza kufunga dola 100 za namna hiyo bila kuumia. Dada yetu ametuambia kwamba anafanya zamu za saa 12. Kwake yeye ningependa dola hizo ziwe mahali anapoweza kuzichukua Jumatatu asubuhi bila kubeba ndoo. Na kubadilisha mchanganyiko wa madini hakumpi mtu ruhusa ya kuyeyusha. Ya zinki ilianza 1982, na leo za shaba bado zimefungwa na kanuni.

MamaKibubu (Columbus, Ohio)

Nimefikia uamuzi, na ninauandika hapa kwa kuwa ninyi ndio mlionisaidia kuufikia. Sitachukua maboksi mengine benki. Ndoo nitaiacha kama ilivyo, ila nitaigawa katika ndoo nne ndogo na kuzishusha sakafuni, kwa sababu dola 124 si fedha itakayoniangusha na mzee aliyenifundisha bado hupenda kuniuliza zimefika ngapi. Nilimpelekea sarafu ya 1944 ya senti tano niliyoikuta kwenye chenji yangu mwenyewe siku tatu baada ya ujumbe wa Ndugu TanoTano, na alifurahi sana kuiona.

Mama ametuma picha za shilingi za simba. Zipo 11. Nne ni za 1924 na 1942, sita ni za 1950 na 1952, na moja imesagika upande wa simba hadi mwaka hausomeki. Mzee wangu, shikamoo. Hiyo ya mwisho tutaijuaje bila kuipeleka kwa sonara na bila kuikwangua?

MzeeWaReale (Unguja)

Marahaba, mwanangu. Msiikwangue kamwe. Mwambie mama aigeuze upande wa mfalme na asome maandishi yanayozunguka kichwa, akiwa dirishani asubuhi, mwanga ukiingia kwa upande. Sarafu zote za simba zenye fedha zina herufi IND:IMP: baada ya jina la mfalme, kwa kuwa wakati huo alijiita pia mtawala wa India. India ilipojitawala 1947, herufi hizo ziliondolewa, na shilingi zilizofuata hazikuwa na fedha tena. Hata zikisomeka mbili au tatu tu kati ya hizo, aiweke pamoja na zile nne.